Kisetilaiti cha wanafunzi: kukiachia chini, kukipeleka juu, kukifunga tanga au kutorusha kabisa

Naandika hii kwa ajili ya vijana wa sayansi hapa Tanga na kokote pwani wenye ndoto ya kurusha setilaiti yao ndogo. Kila nikikaa nao maswali ni yale yale, hela tutapata wapi, roketi tutapata wapi, kamera iwe ya aina gani, na bado sijasikia anayeuliza kikishakufa hicho kisetilaiti kinaenda wapi. Mi naona hilo ndo swali la kwanza kabisa, kabla ya hela na kabla ya kamera, maana ukishalijibu vingine vingi vinajichagua vyenyewe.

Tunaongelea kyubusati, kile kimchemraba cha sentimita 10 kila upande chenye uzito wa kilo moja na kitu, umbo ambalo Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs walilianzisha mwaka 1999 kule California ili wanafunzi waweze kujenga setilaiti bila kufilisi chuo. Majirani zetu wameshafika huko. Chuo Kikuu cha Nairobi walirusha 1KUNS-PF mwaka 2018, Rwanda wakaja na RwaSat-1 mwaka 2019, Uganda na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, Kenya tena na Taifa-1 mwezi wa nne 2023. Kwa hiyo sio ndoto ya mchana, inawezekana, na ndo maana nataka tuelewane mapema kuhusu mwisho wake.

Sasa mtu atasema kilo moja ina madhara gani huko juu kulivyo kukubwa. Ina madhara kwa sababu ya mwendo. Kitu kilicho kwenye obiti ya chini (obiti ni njia ya kuzungukia dunia) kinakimbia kama kilometa 7.5 kwa sekunde moja, yaani kikipita juu ya Tanga, kufika juu ya Dar hakimalizi hata nusu dakika, na kwa spidi hiyo hata skrubu inatoboa setilaiti nzima. Alafu kuna hili la muda. Marekani walirusha Vanguard 1 mwezi wa tatu 1958, kidude cha kilo moja na nusu hivi, karibu sawa na hicho mnachotaka kujenga nyinyi, kikaacha kutuma mawimbi mwaka 1964, na hadi leo bado kinazunguka. Waliokirusha wengi wameshafariki, chenyewe kipo.

Huko juu vitu vinavyofuatiliwa na rada vinafika kama 40,000, na setilaiti zinazofanya kazi hapo ni chache kuliko vyuma vilivyokufa na vipande. Vidogo visivyofuatiliwa, kuanzia sentimita moja kwenda juu, wataalamu wanakadiria vimepita milioni moja. Tarehe 10 Februari 2009 setilaiti ya mawasiliano Iridium 33 iligongana na Kosmos 2251 ya Urusi ambayo ilishakufa siku nyingi, kama kilometa 790 juu, vikatoka vipande zaidi ya 2,000 vya kuonekana na rada. Hakuna aliyekusudia, moja ilikuwa mzima, nyingine mzoga.

Na wapo waliokusudia. Sisi wa Tanga baruti tunaijua, mmoja anatupa, anaokota samaki wa siku hiyo, matumbawe yanakufa, na mwenye dema na mwenye mshipi wote wanabaki na bahari tupu kwa miaka. China mwezi wa kwanza 2007 walilipua setilaiti yao wenyewe Fengyun-1C kwa kombora la majaribio, vikapatikana vipande zaidi ya 3,000, na Urusi mwezi wa kumi na moja 2021 wakalipua Kosmos 1408, vipande zaidi ya 1,500, watu waliokuwa kwenye kituo cha kimataifa cha angani ikabidi wakimbilie kwenye vyombo vyao vya kurudia nyumbani wakasubiri humo. Ila angalieni tofauti hapa maana ndo ufunguo wa ulinganisho wote: ile ya Urusi ilikuwa chini, kilometa 480 hivi, vipande vingi vimeshaanguka na kuungua. Ile ya China ilikuwa juu, zaidi ya kilometa 850, na vingi bado vipo mpaka leo. Kosa ni lile lile, kimo ndo kimeamua nani atalipia na kwa muda gani.

Kwa nini kimo? Kwa sababu hewa haiishi ghafla. Hata kilometa 400 juu kuna hewa nyembamba sana ambayo inakisugua kitu, inakipunguza mwendo, kinashuka kidogo kidogo mpaka kinaingia kwenye hewa nzito na kuungua. Chini ya kilometa 600 kitu kisicho na injini kwa kawaida kinarudi ndani ya miaka kadhaa, kwenye 800 unaongelea karne, ukipita 1,000 ni miaka elfu na zaidi. Hakuna fundi anayekwenda kukitoa, ni hewa tu. Haya twende kwenye machaguo yenyewe.

La kwanza, kukiachia kutoka kituo cha angani

Hili ndo nalolipenda na sifichi. Kisetilaiti kinapanda kama mzigo ndani ya chombo cha mizigo kinachopeleka chakula na vifaa vya wanaanga, kinafika kituoni, kinawekwa kwenye mlango wa maabara ya Kijapani ya Kibo, mkono wa roboti unakitoa nje na kukisukuma taratibu. 1KUNS-PF ya Nairobi iliachiwa hivyo tarehe 11 Mei 2018 kupitia mpango wa KiboCUBE wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani JAXA, mpango ambao ni kwa ajili ya nchi kama zetu, nyie mnagharamia kujenga na kupima, wao wanabeba gharama ya kurusha na kuachia. Ilianguka na kuungua mwaka 2020. Miaka miwili hivi kazini na angani, basi, hakuna kilichobaki kule juu.

Kimazingira inashinda kwa sababu mbili. Mwisho wake upo ndani ya kimo chenyewe, kituo kipo kilometa 400 na kitu hivi, hata kisetilaiti kikifa siku ya kwanza (na vya wanafunzi vingi hufa mapema, hilo tulikubali) hewa itakishusha bila kuomba ruhusa ya betri wala kompyuta. Ya pili, roketi ile ingekwenda tu hata bila nyinyi, hivyo masizi mnayoongeza kwenye anga ni kidogo sana.

Hasara zipo. Muda ni mfupi, na jua likichangamka unakuwa mfupi zaidi kwa sababu hewa ya juu inavimba kwa joto. Hili sio la kwenye vitabu tu, Februari 2022 kampuni ya roketi ya Marekani SpaceX walirusha setilaiti zao 49 za intaneti ziitwazo Starlink, dhoruba ya jua ikaja, wakapoteza karibu 40 ndani ya siku chache kwa kuwa walikuwa bado wameziweka chini sana. Hasara nyingine ni saa za kupita. Obiti ya kituo imeinama nyuzi 51.6, Tanga ipo nyuzi 5 kusini, kwa hiyo inatupitia vizuri kabisa, ila leo itapita asubuhi, wiki nyingine jioni, wiki nyingine usiku, na kama kazi yenu ni kulinganisha picha za mwezi huu na mwezi ule, vivuli na mwanga vinabadilika mpaka mnachoka. Tena ukaguzi wao ni mkali, betri zinapimwa mno, tenki la gesi yenye presha sahauni. Mi hilo naliona ni faida, linawafundisha kazi.

Na kuna saa inayokimbia. Kituo chenyewe kimepangwa kustaafishwa mwaka 2030, NASA walishaingia mkataba na SpaceX mwaka 2024 wa kutengeneza chombo cha kukisukuma kiangukie kwenye bahari ya mbali. Anayetaka njia hii asijivute.

La pili, kuchangia roketi na kwenda juu zaidi

Taifa-1 ilikwenda hivi tarehe 15 Aprili 2023, ndani ya roketi ya SpaceX iitwayo Falcon 9 pamoja na setilaiti nyingine kibao za watu mbalimbali. Kimo kinakuwa kilometa 500 hadi 600 hivi, na obiti inapita karibu na ncha za dunia kwa namna ambayo kila mahali mnafika saa ile ile ya mchana. Kwa mtu wa picha hii ni raha, mikoko ya Mkinga unaiona kila mara kwenye mwanga ule ule, unajua kama kimepungua kitu au ni kivuli tu.

Bei yake ya mazingira ndo inanisumbua. Kati ya 500 na 600 kuna tofauti kubwa kuliko inavyosikika, kwenye 500 unaweza kushuka ndani ya miaka michache, kwenye 600 inaweza kupita kumi, inategemea jua na umbo la kitu. Zamani dunia ilikubaliana setilaiti iwe imeshashuka ndani ya miaka 25 baada ya kazi kuisha, ikaonekana ni mingi mno, tarehe 29 Septemba 2022 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani FCC ikashusha kuwa miaka 5, na Shirika la Anga la Ulaya nao wakaenda huko huko. Sheria ya FCC haitubani sisi moja kwa moja kama hatuombi kibali chao, lakini mi nadhani mtu wa Tanga ajipimie kwa kipimo hicho hicho au kikali zaidi, sio atafute upenyo kwa sababu nchi yake haijamwambia kitu.

Alafu kule ndo kwenye msongamano. Setilaiti za Starlink kwa maelfu zimekaa kwenye kimo hicho hicho au karibu nacho. Zenyewe zina injini, zinakwepa. Kyubusati yenu haina injini, haiwezi kukwepa chochote, kwa hiyo kila ikikaribiana na mwenzie ni mwenzie ndo achome mafuta apishe. Mkipanda huko mjue mnakuwa wageni ambao wenyeji wanawapisha njia kila siku.

Kwa hiyo mkiulizwa na wakala wa kuuza nafasi, msiseme tu tunataka kupanda, semeni tunataka isizidi kimo fulani, na kama roketi hiyo inakwenda 600, subirini nyingine. Najua inauma kusubiri wakati mfadhili anauliza. Subirini.

La tatu, kukifunga tanga

Hili linawafaa wanaolazimika kwenda juu. Ni kitambaa chepesi sana kama plastiki ya kung'aa, kimekunjwa kwenye kiboksi, kazi ikiisha kinafunguka, kisetilaiti kinakuwa kipana, hewa inakishika zaidi, kinashuka haraka. Na inafanya kazi kweli. InflateSail ilirushwa kutoka India mwezi wa sita 2017, ilikuwa kyubusati ya ukubwa wa michemraba mitatu, kimo kilometa 505, ikafungua tanga la mita za mraba 10 na siku 72 baadaye ikawa imeungua. Siku 72! Bila tanga ingekaa miaka.

Lakini sikilizeni upande wa pili. RemoveDEBRIS, chombo cha Ulaya cha majaribio ya kusafisha takataka, kilifanikiwa kurusha wavu 2018 na chusa 2019, ila tanga lake mwishoni halikufunguka inavyotakiwa, na wale ni wataalamu wenye hela. Tanga ni kitu kinachotakiwa kufanya kazi siku ambayo kila kitu kingine kimeshakufa. Kama linategemea amri kutoka ardhini na redio imekufa, mmebeba kitambaa bure. Ndo maana nasema mkilichukua, chukueni lenye saa yake na chanzo chake cha umeme kilichojitenga, linafunguka lenyewe muda ukifika hata kama hakuna anayeongea nalo, na lisije likafunguka mapema pia. Linakula nafasi, kwenye mchemraba mmoja mtabanana sana na kamera yenu, itabidi mwende miwili au mitatu na bajeti inapanda.

Kwa kifupi tanga ni la kuongezea kwenye kimo ambacho tayari ni salama. Sio leseni ya kwenda kilometa 700 mkisema si tuna tanga.

Injini ndogo ipo pia, inaweza hata kukwepa, ila kwa kikundi cha wanafunzi gharama, vibali na hatari ya presha ni vitu vya kuja baadaye, sitakaa hapo. Na kuna wale wanaoniambia tusihangaike, Wajapani na Wazungu wanatengeneza vyombo vya kuokota takataka, watakuja kutuokotea. Hapana jamani. Ulaya walisaini mwaka 2020 mkataba wa euro milioni 86 wa ClearSpace-1, chombo cha kwenda kukamata kitu kimoja, kimoja tu, na kile kitu walichokuwa wamekilenga kikagongwa na uchafu mwingine mwaka 2023 kabla hata hawajaondoka ardhini, ikabidi walenge kingine. Japani kupitia kampuni ya Astroscale walirusha chombo cha ADRAS-J mwezi wa pili 2024, ikasogea mpaka kama mita 15 kutoka kwenye kipande cha roketi kuukuu, kazi ya heshima kabisa, ila hiyo ilikuwa kukisogelea na kukikagua tu. Nani atatumia mamilioni kufuata kikilo kimoja cha Tanga? Kazi hiyo iachiwe mizoga mikubwa kama setilaiti ya Ulaya Envisat, tani 8, iliyozimika mwezi wa nne 2012 na bado ipo juu.

Kuungua nako sio usafi wa asilimia mia

Nimesema kinaungua kinaisha, na hapa lazima niwe mkweli. Alumini ikiungua haipotei, inakuwa unga mwembamba sana unaobaki kwenye anga ya juu. Mwaka 2023 wanasayansi wa Marekani waliopima kwa ndege ya kimo kikubwa waliripoti kuwa kama asilimia 10 ya chembe za tindikali ya salfa walizozikuta kwenye stratosfea, tabaka la hewa lenye ozoni, zina alumini na metali nyingine zinazotokana na setilaiti na roketi zilizoungua. Hofu yao ni tabaka la ozoni. Kyubusati moja haifanyi kitu cha kuonekana, ila setilaiti kwa maelfu zikiungua kila baada ya miaka mitano ni habari nyingine, na mtu mwenye kilo moja hana haki ya kusema lile la wenye tani halinihusu, wote tunatumia anga moja.

Wajapani wamejaribu mbao. Chuo Kikuu cha Kyoto na Sumitomo Forestry walijenga LignoSat, mchemraba wa sentimita 10 wa mti wa jamii ya magnolia, umeunganishwa kwa ufundi wao wa asili bila skrubu wala gundi, ukapelekwa kituoni mwezi wa kumi na moja 2024 na kuachiwa mwezi uliofuata. Wazo lao ni kwamba mbao ikiungua haiachi alumini. Mi nikiliwaza hilo nawawaza mafundi wetu wa majahazi na masanduku, kuna mazungumzo mazuri yanaweza kufanyika kati yao na vijana wa elektroniki, ila iwe kwa majaribio na vipimo, sio kwa sababu picha itapendeza.

Na kuna vinavyofika chini bila kuisha. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kama mita 2.5 na kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya, na shirika lao la anga likasema ni sehemu ya roketi. Hakufa mtu. Kyubusati yenu haiwezi kufanya hivyo, inaisha yote juu, lakini roketi iliyoibeba inaweza, kwa hiyo mkichagua wa kuwabeba ulizeni pia kile kipande cha juu cha roketi kinaishia wapi. Wapo wanaokielekeza kwa makusudi kiangukie bahari ya mbali, na wapo wanaokiacha tu huko. Swali hilo ni bure kuuliza.

La nne, kutorusha

Najua hili vijana hawalipendi. Ila kama lengo lenu hasa ni mikoko kuanzia Mkinga mpaka Pangani, au mashamba ya mwani, au tope la mto Pangani linavyoingia baharini wakati wa masika, picha zipo tayari na ni bure. Sentinel-2 za Ulaya zinapiga picha pwani yetu kila siku tano hivi, kila nukta ni mita 10. Landsat za Marekani ni mita 30 lakini zina kumbukumbu ya kuanzia mwaka 1972, na tangu 2008 hazilipiwi. Mawingu yakifunga kuna Sentinel-1 ya rada, inapenya. Kamera inayoingia kwenye mchemraba mmoja mara nyingi haizifikii hizo kabisa. Laptopu, bando, na mtu mmoja wa kuwafundisha kusoma picha, mtakuwa mmeshaanza kazi wakati wengine bado wanaandika barua za kuomba ufadhili, na hamjaongeza hata punje moja kule juu.

Mtu akisema lakini tunataka kujifunza kujenga, hapo sawa, hiyo ni sababu halali na naiheshimu, ila iandikwe hivyo. Anzeni na puto la hali ya hewa, linapanda kama kilometa 30, linabeba ubongo ule ule wa kyubusati na kuutesa kwa baridi kali, mkishapata kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Lirushieni bara ndani huko, sio ufukweni, ili likipasuka lisiangukie baharini likaachia kasa na pomboo plastiki.

Kwa hiyo mi ningepanga hivi. Mnataka majibu ya mazingira ya pwani, chukueni la nne, leo hii. Mnataka kujenga na kujifunza, au mna kifaa ambacho hakuna setilaiti nyingine inacho, chukueni la kwanza. Mna kazi inayohitaji mwanga wa saa ile ile kila siku na mmeshathibitisha kuwa picha za bure haziwatoshi, chukueni la pili lisilozidi kilometa 500 na kidogo, pamoja na la tatu juu yake. Zaidi ya hapo msiende, hata kama nafasi inatolewa bure.

Kwa watakaokwenda na la kwanza, KiboCUBE huwa wanatangaza raundi za maombi, na watawauliza mpango wa mwisho wa setilaiti, kwa hiyo ukurasa huo uandikeni wa kwanza, wenye kimo, makadirio ya siku za kushuka, na metali gani imo ndani na kilo ngapi. Masafa ya redio muanze kuyaongelea na mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, mapema kabisa maana mchakato wake ni mrefu kuliko kuunganisha waya. Mwenye rasimu tayari aniletee niisome, nitaanza na ukurasa huo.